Kompyuta Yenye Masikio

Mteja mpya akileta gari la turbo, akitaka kompyuta ya kuliongezea nguvu, Fundi hamwambii afungue bonneti. Humsogezea kiti cha plastiki, akakaa mbele yake, akasema, "Atiriri, niambie siku ya hii gari."

Hilo "atiriri" ni neno la kwao, la Kikuyu, la kumtaka mtu asikilize. Mama huyu ameishi Kisumu miaka mingi na Dholuo yake, lugha ya huku, inashinda ya watoto wangu, lakini neno hilo hakuliacha njiani. Mteja hubaki ameduwaa. Siku ya gari ndiyo nini? Fundi humweleza taratibu, kama daktari: linaamka saa ngapi, linalala ndani au juani, nani mwingine ana ufunguo, linakunywa petroli ya kituo gani, na mwenyewe akigombana na watu wa nyumbani hulielekeza wapi.

"Mathe, mimi nimekuja kutafuta kompyuta, sikuja kuungama," kijana mmoja alimwambia.

"Utaungama tu. Kama si kwangu, ni kwa mwenye gari ya kuvuta."

Mimi ni fundi wa bodi. Nanyoosha mabati yaliyobonyea na kupaka rangi, na gereji yangu na yake zimetenganishwa na ukuta mmoja wa mabati, nyuma ya soko la Kibuye. Shule niliachia darasa la nane. Mambo ya kompyuta nayaandika hapa jinsi alivyonieleza yeye, na kama kuna mahali nimeyapindisha, kosa ni langu. Alikozaliwa na alivyofika huku sitaandika, kwa sababu hakuwahi kunieleza na mimi si mtu wa kuuliza. Nataka kuandika vile alivyo kazini.

Kwa asiyejua, gari la siku hizi lina kompyuta ndogo inayoamua petroli inyunyizwe kiasi gani na plagi ziwashe moto wakati gani. Ile iliyokuja na gari haitaki kuguswaguswa. Mtu akifunga turbo kubwa ya kuisukumia injini hewa nyingi, ile kompyuta inachanganyikiwa, gari linakohoa na kutoa moshi. Hapo ndipo inatafutwa kompyuta nyingine ya kununua kando, na fundi anaiandikia hesabu zake upya. Hesabu hizo Fundi huziita ramani.

Mafundi wengine wa kazi hiyo hufunga ramani zao kwa neno la siri, ili mteja akitaka kubadilisha hata kitu kidogo arudi kwao. Sitaki kuwasema vibaya. Ramani ni jasho la siku nyingi, na jasho huibwa. Lakini Fundi hakuwahi kufunga. Humpa mteja ramani yote kwenye flashi na kumwambia, "Shika. Nikifa, gari yako isizikwe na mimi."

Nikisema hivyo utadhani ni mkarimu. Basi sikiliza. Asubuhi moja nilimwomba spana kupitia tundu la ukuta.

"Spana namba kumi, mama."

"Iko kazini."

"Naiona hapo juu ya meza."

"Inapumzika. Hata wewe si unapumzika?"

Mtu anayegawa ramani bure hawezi kuazima spana. Nimejaribu kuyaunganisha hayo mawili nikashindwa. Mke wangu anasema spana haina nakala, ramani inayo. Labda ndivyo.

Tena ana ulimi. Alimwambia mtu mzima mwenye mvi, aliyeunguza turbo kwa kuzima injini ikiwa bado moto, kwamba angeanza na kuendesha ng'ombe, akizoea ndipo apewe usukani. Yule mzee aliondoka kimya, akarudi baada ya siku kadhaa na kuku. Sielewi watu. Na mara nyingine alikosea kabisa. Alikuwa na tabia ya kumpima mteja kwa viatu: viatu vya kung'aa, vyenye ncha, alivihesabu ni vya mtu wa fujo, na ramani ya mtu huyo aliifanya pole hata akiomba kali. Kuna mwalimu wa sekondari mwenye viatu vya namna hiyo aliyepewa ramani ya pole, akaitumia mwaka mzima bila kulalamika, kumbe katika wateja wote ndiye dereva mwangalifu kuliko wote. Fundi alipojua alimwandikia ramani mpya bila kuombwa. Lakini neno "samahani" sikulisikia, na nilikuwa hapo hapo.

Kilichomjengea jina ni masikio.

Injini ya turbo ikipewa moto mapema kupita kiasi, petroli inalipuka ndani kabla ya wakati wake. Mafundi huita kugonga. Inatoa mlio mdogo, kama kokoto ndani ya mkebe, na ikiendelea pistoni zinatoboka na injini imekwisha. Fundi alikuwa na bomba la shaba alilolipiga bapa upande mmoja na kulifunga kwa bolti kwenye injini. Upande wa pili aliuchomeka mpira, mpira ukaingia kwenye vifuniko vya masikio kama vile wanavyovaa watu wa viwanda vya sukari. Alivaa hivyo, laptopu mapajani, mteja akaendesha, yeye akasikiliza injini kama mkunga anavyosikiliza tumbo. Hapa Kisumu hatuna mashine ya kupimia nguvu ya gari. Mashine yetu ilikuwa barabara iliyonyooka ukishapita Kisian, na masikio yake.

Nimemwona akiinua kidole katikati ya mwendo na kusema, "Silinda ya tatu. Punguza." Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na sikuwa nimesikia chochote ila upepo.

Kwa hiyo kompyuta alizopenda kuwafungia watu zilikuwa za aina moja, rahisi, anayoijua kama sala. Haikuwa na sensa, yaani kihisi cha kusikia kugonga, na yeye hakuona haja. Kuna fundi mwingine mjini, kijana mwenye bidii, aliyekuwa akifunga zile mpya zenye sensa, zinazosikiliza injini zenyewe na kurudisha moto nyuma, yaani kuuchelewesha, zikisikia hatari. Fundi alimcheka mbele za watu. Alisema, "Kompyuta inayosikia ni ya fundi asiyesikia." Maneno yalizunguka Kibuye nzima, watu wakayarudia kwa kicheko, na sidhani yule kijana aliyafurahia.

Sasa nafika mahali pagumu kuandika.

Fundi alianza kutopokea simu. Ukimpigia anakata, halafu inaingia meseji: "Andika." Kanisani kwao alikuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, safu ya mbele, mke wangu akaniambia amehamia kupanga viti na kugawa vitabu vya nyimbo. Nikimwita kupitia ukuta hakuitika, nikizunguka mbele anauliza, "Mbona unaninyemelea?" Niliona pia kwamba akiongea na mtu anamtazama mdomoni.

Kisha asubuhi moja nilipanda naye gari la mteja kwenda Kisian, nimshikie laptopu kwa sababu mteja hakuja na nilikuwa sina kazi. Alivaa vifuniko vyake. Tulienda, tukageuza. Akasimama kando ya barabara, akavivua, akafungua bonneti, akaligonga bomba kwa kucha, akavivaa, akagonga tena.

"Baba," akaniambia, "hii bomba imeziba."

Bomba lilikuwa safi, hata mimi nilijua halijaziba. Nikasema, "Huenda."

Alinitazama mdomoni, kisha barabarani. Aliendesha kurudi polepole sana, pikipiki zikitupita.

Haikupita muda mrefu akaja mwenye gari jekundu. Huyu ni mtu wa Asembo Bay, mwenye maboti na biashara ya samaki, mchangamfu, mwenye sauti kubwa. Alikuwa ameuza boti moja la familia kuongezea pesa za kununua gari la milango miwili la Kijapani, turbo kubwa tayari imefungwa na mtu wa Nairobi, kompyuta bado ile ile ya zamani. Lilifika likikohoa. Ndugu zake hawakuwa wamemsamehe hilo boti.

"Mathe, hii injini ikivunjika siwezi kurudi nyumbani," alisema akicheka, lakini hakuwa anacheka. "Hii injini haipatikani hapa. Wale ndugu zangu wanangoja tu ianguke waniimbie."

Alikuwa na simu imejaa video. Alitaka kompyuta ile ya watu wa mashindano, yenye kioo cha rangi, inayoonyesha moto na presha na kila kitu.

"Hiyo kioo utaiangalia saa ngapi ukienda kasi?" Fundi akamuuliza. "Na ukiangalia, nani anaangalia ng'ombe?"

"Basi kile kisanduku kidogo? Kuna rafiki yangu anacho."

Hicho ni cha kufunga juu ya kompyuta ya zamani, kiidanganye kuhusu hewa inayoingia ili itoe petroli zaidi. "Siwezi kulipwa kufundisha mashine uongo," Fundi akasema. "Siku ikijua ukweli italipiza."

Ikabaki kompyuta yake ya kila siku, au ile yenye masikio. Alimuuliza siku ya gari, yote, nami nikisikia na kuona kupitia tundu la ukuta: linalala wapi, nani ana ufunguo, petroli ya wapi. Petroli ya mjini, kituo kizuri, tangi likijazwa kila mara. Wateja wengine wawili walikuwa wamekaa wakisubiri, na jirani yetu mmoja anayeuza betri amesimama mlangoni na chapati. Kila mtu alijua atasema nini. Hata mwenye gari alikuwa tayari ameanza kutikisa kichwa kukubali.

Fundi aliangalia vile vifuniko vyake vya masikio. Mimi nilikuwa najua alichokuwa anapima, na nadhani kati yetu sote ni mimi tu niliyejua. Akifunga ile ya kawaida, hakuna atakayeuliza kitu. Ataenda barabarani na vifuniko vyake, ataandika ramani kwa kukumbuka, na huenda ikatoka sawa, maana anajua sana. Na huenda pistoni zikatoboka, na mtu akakosa pa kurudi.

"Nitakufungia ile inayosikia," akasema.

Mtu wa betri akacheka. "Fundi! Si ulisema ni ya fundi asiyesikia?"

Fundi alikuwa amemtazama mdomoni, kwa hiyo alimpata neno kwa neno.

"Nilisema. Na sasa fundi asiyesikia ni mimi." Akamgeukia mwenye gari. "Sisikii injini tena. Nimejaribu. Ukitaka fundi mwenye masikio, yuko mmoja pale mjini, kijana, kazi yake ni nzuri, na mimi nilimcheka bure. Ukitaka mimi, nitakufungia kompyuta ya kusikia kwa niaba yangu. Chagua."

Chapati ilisimama hewani. Mwenye gari aliangalia viatu vyake mwenyewe, halafu akasema, "Mimi nilikuja kwako, mathe."

Nataka niwe wa haki kwa wote. Mmoja wa wale wawili waliokuwa wakingoja aliondoka siku hiyo hiyo, na simlaumu. Gari lake lilikuwa la kazi. Wengine walikuja kuondoka baadaye. Wapo pia waliobaki, na yule kijana wa mjini alikuja mwenyewe siku moja kumwonyesha jinsi ya kupanga hizo sensa, kwa sababu Fundi hakuwa amewahi kuzitumia. Walikaa mchana kutwa vichwa vimeinamia laptopu. Fundi alimwazima spana. Niliiona kwa macho yangu.

Na kazi ya gari jekundu ilitoka safi. Lilipita hapa likienda, tukasikia, yaani mimi nilisikia, na yeye akaweka kiganja juu ya ukuta wa mabati unaotetemeka akatabasamu.

Miezi ikapita. Jambo la mwisho la kuandika ni la juzi.

Nilikuwa nikitoka gereji na pikapu kupeleka mlango wa gari Ndori, Fundi akaja mbio, simu mkononi. Mwenye gari jekundu ameandika kutoka Luanda Kotieno: amevuka na feri akitoka kwenye mazishi Mbita, na sasa gari limekufa nguvu, halipandi, linatoa moshi, kompyuta imeharibika, na ndugu zake wako hapo wanaangalia. Alimalizia kwa herufi kubwa.

"Unaenda upande huo?"

"Naenda, mama. Panda."

Tulimkuta karibu na mahali feri inapofunga, kati ya beseni za omena, dagaa wa ziwani, bonneti wazi, watu wamelizunguka gari. Alianza kupiga kelele kabla hatujashuka.

"Mathe, umeniua! Hii kompyuta yako imeniaibisha mbele ya watu!"

"Sema polepole ukiniangalia," Fundi akamwambia. "Matusi sitaki yanipite."

Watu wakacheka, naye akapungua kidogo. Ndugu yake mkubwa alikuwa amekunja mikono. "Boti letu lingekuwa limeenda na kurudi Mbita mara ngapi," akasema, kwa Dholuo, akidhani Fundi hasikii. Kusikia hakusikia, lakini mdomo aliuona.

Fundi alifungua kifuniko cha tangi akanusa. Akachovya kitambaa, akakisugua kati ya vidole, akaninyooshea. Kilikuwa kinateleza.

"Nani ametia hii petroli?"

Mmoja wa vijana wa maboti, mwenye koti la mvua, akainua mkono nusu. "Mafuta ilikuwa imeisha, mama. Tukamtilia kwa jerikeni yetu. Petroli ni petroli."

Hapo kila mtu wa ziwa angejua, na bado sote tulikuwa tumesahau. Injini za boti hunywa petroli iliyochanganywa na oili tayari, jerikeni zima. Watu wa pwani hii hutia hiyo hiyo kwenye pikipiki na haizidhuru sana. Kwenye turbo kubwa ni kifo: petroli yenye oili hulipuka mapema, na injini inagonga.

Fundi aliunganisha laptopu, akaiweka juu ya bonneti. Mistari ikatokea. Alifuata kwa kidole, silinda moja moja, mdomo ukitingishika kama anasoma zaburi.

"Njoo uone," akamwita yule ndugu mkubwa, si mwenye gari. "Hapa ametoka kwenye feri. Hapa amekanyaga. Unaona hii mishale? Injini inagonga, silinda zote. Na hapa kompyuta imesikia, imerudisha moto nyuma. Amekanyaga tena, imerudisha tena. Haijaharibika. Imekataa."

"Imekataa nini?"

"Kumuua ndugu yako. Imemnyima nguvu ili abaki na injini."

Yule mtu alitazama kioo muda mrefu. Sidhani alielewa mishale. Mimi mwenyewe sielewi. Lakini alikunjua mikono. Akamwambia kijana wa koti alete bomba wafyonze lile tangi, na mwingine apande pikipiki kutafuta petroli safi. Mwenye gari aliketi juu ya beseni lililogeuzwa akajifuta uso.

"Kosa ni langu pia," Fundi alimwambia. "Nilikuuliza siku ya gari, nikauliza kila kitu isipokuwa ziwa. Miaka yote nikiishi kando yake."

"Mos, mathe," akasema yule bwana. Pole. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo, na nikalazimika kuirudia ili aione mdomoni mwangu.

Tulirudi jioni ikiwa bado na jua. Nilikuwa na swali na sikujua kama ni la heshima. Nilimgusa bega atazame.

"Mama, zamani, ukiwa na masikio yako, hiyo kugonga ungeisikia?"

Alifikiri hadi tukapita Ndori, ambako nilikuwa nimesahau kushusha mlango, ikabidi nigeuze. Jibu lilikuja tukiwa tumesimama kwa mwenye mlango.

"Ningesikia. Kama ningekuwa ndani ya gari." Alitazama nje. "Sikuwa ndani. Nilikuwa Kibuye, nikigombana na wewe kuhusu spana."

Nikashusha mlango, nikarudi kwenye usukani.

"Na wale wote niliowafungia zile zingine," akaendelea. "Nilikuwa nashuka pale Kisian na masikio yangu, nawaachia barabara na kompyuta kiziwi. Nikijisifu."

"Zimekwenda salama, mama. Nyingi."

"Nyingi."

Alitoa simu. Nilidhani anamwandikia mwenye gari jekundu. Aliandika kwa muda, akafuta, akaandika tena, kisha akaninyooshea nisome kama Kiswahili kimekaa. Ilikuwa meseji moja ya kutumwa kwa wateja wote wa zamani, hata walioondoka, hata wale walioenda kwa yule kijana. Ilisema: Kompyuta niliyokufungia haisikii injini. Rudi niiongezee sensa, au nenda kwa mwenzangu wa mjini akufungie. Usingoje igonge.

"Watakasirika," nikamwambia nikimtazama. "Watasema uliwauzia kitu nusu."

Aliichukua simu akabonyeza, nikasikia mlio wa meseji zikiondoka moja baada ya nyingine, yeye akizitazama tu kwenye kioo.

"Wacha wakasirike," akasema, "wakiwa na injini."